Mrejesho: mmomonyoko chini ya barabara ya zege

Niliuliza kwa nini slabu (vipande bapa) za zege zilizofaulu vipimo vya nguvu zilikuwa zikipishana kimo kwenye viungio, huku maji ya matope yakitoka ukingoni kila baada ya mvua. Tumechimba kando ya kiungio kimoja, na hali ni kama wengi wenu mlivyoeleza: ekseli nzito inapopita, maji yaliyonaswa chini ya slabu hubanwa, yakachomoka kwa kasi na kubeba chembe laini za tabaka la msingi, ambazo nyingine hurundikana chini ya slabu ambayo gurudumu linatoka, na ile ambayo gurudumu linaingia hubaki juu ya uwazi.

Msingi wenyewe ulikuwa wa kokoto zisizotiwa saruji. Majaribio ya barabara ya AASHO (chama cha maofisa wa barabara kuu za majimbo ya Marekani) yaliyofanyika Illinois kati ya 1958 na 1960 yalikwisha kuonyesha kuwa msingi wa aina hiyo huliwa na maji (ajabu ni kwamba bado tunaridhika na kipimo cha ushindiliaji (jinsi kokoto zilivyobanwa) peke yake). Sehemu zitakazojengwa upya zitawekewa msingi wa zege hafifu (lenye saruji pungufu kuliko zege la kawaida), yenye asilimia 7 hadi 8 ya saruji, kwani msingi wenye saruji kidogo kuliko hiyo unaweza kubeba mzigo vizuri na bado uso wake ukaliwa na maji. Vyuma vya kuhamisha mzigo kutoka slabu moja hadi nyingine na mifereji ya pembeni vitakuwepo pia.