Nyumba ya marehemu mama Charlotte: karatasi ya ajenti ya dola 125 au mthamini wa dola 550?

BintiTanga_Houston
Habari zenu wanajukwaa. Mama alituachia nyumba Charlotte, North Carolina. Tupo watatu. Kaka yetu mkubwa anaishi humo na anataka kutulipa mimi na mdogo wangu mafungu yetu, pesa atakopa benki. Hatugombani, ila bei ndiyo imetukwamisha: Zillow, ile tovuti ya kukadiria bei za nyumba, inasema hivi, jirani kauza vile. Ajenti mmoja, rafiki wa kaka, yuko tayari kutuandikia "thamani ya nyumba" kwa dola 125. Mthamini mwenye leseni ametaja 550. Huku Texas niliwahi kupewa makadirio ya bure nilipotaka kuuza kondo yangu. Tofauti iko wapi hasa? Na huyo ajenti anaruhusiwa kututoza?

Chacha_DMV
Dada usihangaike, Marekani ajenti haruhusiwi kulipwa kwa kukadiria nyumba. Yeye anakula kamisheni nyumba ikiuzwa, basi. Kazi ya thamani ni ya mthamini peke yake.

MzeeWaRaleigh
Chacha, hapo umekwenda mbio. Kila jimbo lina lake. Mimi nina leseni ya ubroka hapa NC (ndiyo leseni ya ajenti wa nyumba huku), kwa hiyo acha niseme ya kwetu.

BintiTanga, pole kwa msiba. Sheria yetu ya leseni za nyumba, Sura ya 93A, iliongezewa sehemu iliyoanza kutumika Oktoba 2012. Inamruhusu broka kutoza ada kwa maoni ya bei, yale wanayoita BPO, au kwa ulinganisho wa soko, CMA. Lakini ina masharti. Kwanza, mwenye leseni ya awali, yaani yule anayefanya kazi chini ya broka msimamizi, haruhusiwi kulipwa kwa kazi hii hata kidogo. Pili, lazima iwe kwa maandishi: lengo lake, nyumba yenyewe, njia aliyotumia kufikia bei, tarehe, sahihi, na kama broka mwenyewe ana maslahi yoyote kwenye hiyo mali. Huyo ni rafiki wa mnunuzi, sivyo? Kama anatarajia chochote kwenye nyumba hiyo, lazima akiandike.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapoteleza: broka anaruhusiwa kusema nyumba *inaweza kuuzwa* au kupangishwa kwa bei gani. Akiandika kwamba *thamani* yake ni kadha, sheria inaihesabu karatasi hiyo kuwa ni uthamini, na uthamini bila leseni ya uthamini ni kosa. Kwa hiyo akikuletea karatasi yenye kichwa "thamani ya nyumba", mrudishie.

KaraniWaRehani
Naongezea upande wa benki, maana kaka anakwenda kukopa. Tamko ambalo NC inalazimisha liwekwe kwenye BPO linasema wazi kwamba karatasi hiyo haiwezi kuwa msingi mkuu wa kutolea mkopo wa nyumba, wa kwanza au wa pili, wala wa kubadilisha mkopo. Dodd-Frank, sheria ya fedha ya Marekani ya 2010, nayo ina katazo kama hilo la nchi nzima kwa mikopo ya kununulia makazi ya kuishi. Hii yote ina historia: taasisi za akiba na mikopo zilianguka miaka ya 80, Bunge likapitisha FIRREA, sheria ya kuzirekebisha taasisi hizo, mwaka 1989, na ndiyo iliyoyasukuma majimbo kuwapa wathamini leseni.

Ila na ile karatasi ya 550 msiipeleke benki mkitegemea itapokelewa. Benki huagiza mthamini wake yenyewe. Nimeona watu wamelipa mara mbili huku wakilalamika kaunta nzima inasikia.

Chacha_DMV
Sawa nimekubali yaishe. Lakini kama benki italeta mthamini wake, kwa nini watoe 550? Wasubiri ripoti ya benki wagawane kwa hiyo.

MamaHisabu_Minneapolis
Kwa sababu ya kodi, mdogo wangu. Mimi huandaa ritani za kodi za watu kila msimu na hili linarudi kila mwaka. Mali ya urithi kwa kawaida huhesabiwa kwa thamani ya siku aliyofariki mwenyewe, wala si bei aliyonunulia miaka ile. Mkiuza mafungu yenu kwa kaka, faida inapimwa kuanzia hapo. Mama amefariki lini? Kama ni mwaka juzi na bei zimepanda, ripoti ya benki ya leo haikusaidii, inasema ya leo. Mthamini anaweza kurudi nyuma na kutoa thamani ya tarehe ile. BPO ya dola 125 ukiionyesha IRS, wale wa kodi, itakuwa ni maoni ya rafiki wa kaka yako. Nguvu yake ndogo.

Mimi ningelipa 550, tena mkigawana watatu haifiki hata 200 kwa kichwa.

Mpwani_Tampa
Kwetu Florida wamelegeza zaidi. Broka na wasaidizi wake wanaweza kulipwa kwa kukadiria mradi wasijitangaze kuwa wathamini wenye leseni. Pennsylvania walikuwa wakali hadi 2018 ndipo wakaruhusu BPO. Kwa hiyo Chacha huenda uliyasikia kwa mtu wa Philadelphia wa zamani.

Na BPO si takataka jamani. Kwa mtu anayetaka tu kujua aitangaze nyumba kwa bei gani, inatosha kabisa. Hata benki huzitumia kwa nyumba zilizoshindwa kulipiwa.

Otieno_Dallas
Hapa Texas ajenti anatoa makadirio, lakini kanuni ya TREC, tume ya jimbo ya leseni za maajenti, inamtaka aandike kwamba hiyo ni bei inayokadiriwa ya kuuzia na si sawa na maoni ya thamani ya mthamini. BintiTanga, itafute ile karatasi ya kondo yako, utayakuta maneno hayo.

Kenya tuna sheria mbili mbalimbali, Sura ya 532 ya wathamini na 533 ya maajenti, kila mmoja na bodi yake. Tanzania nao wana sheria ya wathamini ya 2016. Mitaani lakini dalali anakutajia thamani akiwa juu ya bodaboda.

BintiTanga_Houston
Asanteni sana. Karatasi ya kondo nimeipata, sentensi ipo chini kabisa kwa herufi ndogo. Mama alifariki Machi mwaka juzi, kwa hiyo MamaHisabu umenigusa penyewe. Halafu nimeingia tovuti ya tume ya NC ya leseni za nyumba nikaangalia leseni ya rafiki wa kaka. Ni ya awali. Nimemwambia kaka, amenuna.

MzeeWaRaleigh
Ataacha kununa. Mwambie rafiki yake ana bahati hajapokea hizo 125. Na ukimpigia mthamini, mwambie tangu mwanzo unataka tarehe mbili, ya Machi ile na ya leo, akupe bei ya zote kwa pamoja. Ukiomba ya pili baadaye anaweza kukuhesabia kazi mpya.