Yule "mwalimu wa mziki" wetu jana kauliza Poly Styrene, mwimbaji wa panki, alikuwa demu wa nani. DEMU WA NANI!!

Dada_wa_Besi

Wakuu, kama mmeamka salama mshukuruni Mungu, mimi sijalala. Saa kumi na moja alfajiri hii naandika na macho yanawaka kama nimemwagiwa pilipili.

Siandiki jina lake kwa sababu hakuna asiyemjua. Yule. Anayevaa kofia ndani ya nyumba. Yule ambaye ukimwambia jua limechomoza anakujibu yeye alishalisikia tangu halijatoka. Jana alikuwa na usiku wake wa "historia ya panki", ule mziki wa magitaa ya kelele wa miaka ya 70 kule Uingereza na Marekani, palepale anapofanyiaga siku zote, kiingilio elfu kumi, soda ya moto, viti vya plastiki vyenye mguu mmoja mfupi, nami nikaenda, tena nikawahi, nikakaa mbele kabisa na flashi yangu mfukoni yenye kazi ya miaka miwili nikijua leo angalau nakutana na watu watakaoelewa ninachohangaika nacho.

Saa mbili na nusu kaongea. Bendi za wanaume tu. Sex Pistols. The Clash. Ramones. Sex Pistols tena. Meneja wa Sex Pistols. Pini za kwenye nguo za Sex Pistols, pini peke yake zimekula dakika ishirini, nikadhani atatutajia mpaka duka zilikonunuliwa na chenji waliyorudishiwa. Mwanamke hata mmoja hajatajwa. Hata Patti Smith, mwimbaji wa panki wa New York, ambaye albamu yake ya kwanza imetoka 1975 wakati hao vijana wake wa pini hawajatoa hata wimbo mmoja.

Halafu ikaja ile picha.

Msichana kijana, mweusi mweusi hivi, nywele za kujisokota, mdomo wazi kwenye maiki, na kwenye meno ana waya, zile za kunyooshea meno, zinang'aa kwa mwanga wa projekta. Niliruka kwenye kiti. Nikasema eeh, amefika. Sasa jamaa hakuwa na habari naye, akabonyeza rimoti aipitishe. Haikupita, betri. Akaipiga rimoti kwenye paja, akabonyeza tena, haikupita. Ndio akageuka kwa watu, anacheka, akasema: "Huyu sijui alikuwa demu wa nani vile."

Na watu WAKACHEKA.

Demu wa nani. Demu wa nani! Huyo ni Poly Styrene, jina la nyumbani Marianne Elliott-Said, baba yake Msomali, Msomali jamani, jirani yetu wa hapo juu, mtoto kakulia Brixton kule London na mama yake mzungu. Siku anatimiza miaka 19, Julai 1976, alikwenda gati la Hastings akawaona haohao Sex Pistols wanapiga, na alivyotoka pale hakwenda kutafuta wa kumuoa, alikwenda kutoa tangazo gazetini anatafuta wapiga vyombo. Ndivyo ilivyozaliwa X-Ray Spex. Bendi YAKE. Nyimbo kaandika yeye, kaimba yeye, nguo kabuni yeye, na aliyekuwa anapuliza saksafoni pale mwanzoni ni binti mwingine, Lora Logic, bado mwanafunzi wa shule. Ukitaka kuuliza nani ni wa nani pale kwenye picha basi uliza wale wanaume waliosimama nyuma yake walikuwa wa nani, maana wameajiriwa kwa tangazo lake!

Nikanyoosha mkono. "Maswali mwisho dada'angu." Mwisho ukafika, "jamani muda umetutupa mkono." Muda! Pini zimepata dakika ishirini!

Na hii ndio inayoniuma, sio mara ya kwanza na sio hapa tu. 2016 hapohapo London yalipovuma hayo mambo, maktaba yao ya taifa, British Library, iliweka maonyesho ya miaka 40 ya panki, na bango la ukutani likataja Sex Pistols, The Clash na Buzzcocks, basi, wameisha. Viv Albertine, mpiga gitaa wa The Slits, bendi ya wanawake, alikuwa amealikwa kuongea pale. Kafika, kasoma bango, katoa kalamu, kayakata yale majina, akaandika juu yake The Slits, X-Ray Spex, Siouxsie and the Banshees, na chini akauliza wanawake je, akatia sahihi. Mama wa miaka sitini na ushee anachora ukuta wa maktaba ya taifa kwa sababu hakuna njia nyingine iliyobaki. Jana nilikuwa na maka peni kwenye mkoba, najuta mpaka sasa sikuitoa nikaandika kwenye lile shuka jeupe analolifanya skrini.

Miaka miwili nimekusanya habari za hawa wanawake, usiku, kwa bando langu. The Slits walianza 1976, mwimbaji wao Ari Up alikuwa na miaka 14, KUMI NA NNE, umri ambao mimi nilikuwa natumwa dukani narudi bila chenji. Kwenye drams alikuwa Mhispania, Paloma, ambaye wenzake walimwita Palmolive, ndio, kama sabuni, na akitoka pale akaenda kupiga na The Raincoats, wanawake watupu nao. Kule Los Angeles Alice Bag, mtoto wa Wamexico, kaimba kwenye The Bags 1977, na alipoona wanaandikwa vijana tu akaanza kuwahoji mwenyewe wanawake wa kipindi kile, mmoja mmoja, akawa anaweka mahojiano yao kwenye tovuti yake. Wale wasichana wa mji wa Olympia, Marekani, wa miaka ya 90, kina Kathleen Hanna wa Bikini Kill, vijarida vyao vilikuwa karatasi za fotokopi za kubana na stepla, zile ambazo kwetu zingefungiwa karanga, leo zimetunzwa kwenye maboksi ya maktaba ya chuo kikuu cha New York, kwa sababu kuna mtu alisema hizi zisitupwe. Ari Up amefariki 2010, Poly 2011. Hawa watu wanaondoka, na anayebaki kusimulia ni mtu wa rimoti isiyo na betri.

Demu wa nani. Watu wazima wamelipa elfu kumi wanacheka. Na asitokee mtu hapa kuniambia nitulie.

Kitasa Kibovu

Tulia.

Baba Mapacha

Nimesoma gazeti lote mpaka chai imepoa na chapati nimeisahau. Mkuu swali dogo bila matusi, panki si ule mtindo wa nywele? Mimi nilinyoa panki 1994 nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa zamu akanisimamisha mbele ya mstarini akanipitisha mkasi njia moja katikati akaniambia nyingine kamalizie kwenu. Nilitembea hivyo kilomita nne.

Mzee wa Chenchede

@Baba Mapacha hahahaha mkasi??? una bahati wewe, sisi tulikatwa na wembe wa kuchongea penseli

Dada_wa_Besi

Panki ni MZIKI, nywele zimefuata huko nyuma. Na mkitaka nywele basi chukueni na hii, 30 Aprili 1978 kwenye tamasha la kupinga ubaguzi pale Victoria Park London, Poly alipanda jukwaani na kitambaa kichwani, akakifungua mbele ya umati, kumbe kanyoa kipara. Msichana wa miaka 20. Hakuna mwanaume wa pini aliyethubutu kitu kama kile. Halafu mtu anauliza demu wa nani.

Sauti ya Zege

Dada punguza povu. Jamaa katusaidia sana huyu, wengi wetu tusingejua hata Ramones ni watu wangapi. Kateleza kidogo tu, ulimi hauna mfupa. Ungemfuata pembeni ukampa hiyo flashi kistaarabu kuliko kuja kumwanika.

Dada_wa_Besi

NILIMPA. Nilimfuata anakunja waya za projekta, nikamwamkia vizuri, nikamwambia kaka kuna vitu humu kuhusu yule dada wa kwenye picha. Akaipokea, hajaniangalia hata usoni, akaniambia kupigiwa wimbo kwenye kipindi chake ni laki na nusu na mahojiano ni mbali. Alidhani naleta single! Flashi akaitia kwenye mfuko wa shati pamoja na vijiti vya meno. Sijui hata kama nitaiona tena, na unasema kateleza. Aliteleza mara ngapi kwa usiku mmoja, ile sakafu ilimwagwa sabuni?

Kitasa Kibovu

Palmolive

Mzee wa Chenchede

😂😂😂 nimekaa pale kwenye kona na karanga zangu

Wanjiku Bass

Pole sana dadangu, hata huku Nairobi ni hivyohivyo. Nilienda shoo nimebeba besi yangu mwenyewe mgongoni, jamaa wa saundi akaniuliza nimembebea nani. Nikamwambia nimejibebea. Akacheka akaenda kumuuliza dramer wetu kama kweli mimi ndio napiga. Alafu akaniwekea sauti chini usiku mzima, hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Fundi Mitambo Temeke

@Wanjiku Bass hapo kwenye sauti usitulaumu mafundi wote. Mnakuja na waya zimekatika, gitaa halijatyuniwa, soundcheck hamfanyi mnafika saa tano mmeshakunywa, spika ikikoroma ni fundi. Wiki iliyopita msanii mmoja mnamjua wote kaniangushia maiki mbili kwa mbwembwe zake na hajalipa mpaka leo. Mbona hilo hamfungulii uzi.

Sauti ya Zege

Fungua tutakuja kuchangia.

Bint wa Ng'ambo

Nyie mnalilia London. Mimi niko hapa Unguja na kwetu kunatosha kulia. Siti binti Saad kaenda Bombay 1928 akarekodi santuri, wakati huo wanawake wangapi pwani hii sauti zao zimeingia kwenye santuri? Wasifu wake kaandika Shaaban Robert mwenyewe. Juzi kwenye harusi ya binamu yangu, MC anajitia kueleza historia ya taarabu, kataja waume chungu nzima na majina ya baba zao, akifika kwa Siti anasema "na kulikuwa na bi mkubwa mmoja wa zamani akiimba imba." Bi mkubwa mmoja! Akiimba imba! Nilisimama na sahani ya biriani mkononi, mama akanivuta dira nikae. Huyo MC nanyi mnamjua, ana meno ya dhahabu mawili.

Baba Mapacha

Yule MC si ndio alitaja jina la ex kwenye harusi ya shemeji yangu

Bint wa Ng'ambo

Ndiye huyohuyo wallahi.

Dada_wa_Besi

@Bint wa Ng'ambo umeongea dada, ni kidonda kilekile. "Bi mkubwa mmoja" na "demu wa nani" ni baba mmoja mama mmoja. Ndio maana nasema tuandike sasa hivi, turekodi kwa simu zetu, bibi zetu walioimba wako hai baadhi, Bi Kidude katuacha 2013 na kila mtu ana picha yake akivuta sigara ila ukimuuliza kaimba nini anakodoa. Lakini jamani turudi kwenye mada, bado sijamaliza kuhusu yule mtu, kwa sababu alivyosema "vile" pale mwishoni, "demu wa nani VILE", kama vile aliwahi kujua akasahau, hakuwahi kujua!

Kitasa Kibovu

Sasa wewe ulienda kumsikiliza kwa elfu kumi, na soda ya moto ukanywa?

Dada_wa_Besi

Sikunywa.

Mzee wa Chenchede

Elfu kumi si unapata chips kuku na chenji ya bodaboda. @Baba Mapacha nirudishe kwenye panki, nataka kunyoa wikiendi hii nina send-off ya mdogo wangu, ila kinyozi wangu wa hapa mtaani ni muuaji. Mara ya mwisho nilimwambia pembeni shusha kidogo, akaanza kuangalia mpira kwenye simu, Yanga wakapata goli, mkono ukapanda. Nilivaa kofia wiki tatu mpaka bosi akadhani nimeslimu.

Fundi Mitambo Temeke

Vinyozi wa siku hizi wote ni mpira na simu. Mimi aliniacha na povu nusu kidevu akaenda kununua vocha.

Baba Mapacha

Mkuu usihangaike, kuna mzee mmoja Tandika, kiti kimoja tu na kioo kimepasuka, ila mkono wake mtulivu kuliko wa daktari. Panki anaijua ile ya zamani kabisa, hakuulizi mara mbili.

Wanjiku Bass

Anashughulikia pia akina dada? Nataka kunyoa kipara kama huyo Poly

Baba Mapacha

Anashughulikia dada, hana neno. Elfu tatu, na anakuosha kichwa.

Dada_wa_Besi

Wakuu uzi ni kuhusu DEMU WA NANI

Mzee wa Chenchede

@Baba Mapacha nielekeze inbox, Jumapili yupo?

Baba Mapacha

Yupo, ila wahi kabla ya saa nne, baada ya hapo foleni inafika kwa muuza mihogo.