Raum isiyo na nguzo ya katikati: nikague nini kabla ya kununua?

Nyangumi88:
Habari wakuu. Natafuta gari dogo la familia kwa matumizi ya Dar: watoto watatu na bibi yao mwenye shida ya magoti. Nimeitamani Toyota Raum toleo la pili, lililotoka 2003, CC 1496. Upande wa kushoto haina nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, na wa nyuma ni wa kuteleza. Uwazi ule unamfaa bibi. Nina hofu na usalama wa upande huo, vumbi na vipuri. Naomba ushauri wenu.

Spana_14:
Mkuu, chaguo zuri. Huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo uwazi ule unaangalia pembeni mwa barabara na watoto wanashukia upande salama. Nguzo nayo ipo, ila imefichwa ndani ya milango, ambayo ikifungwa hushikwa na vitasa juu kwenye paa na chini kwenye sakafu. Ndiyo maana Raum iliyogongwa ubavu wa kushoto ikanyooshwa kienyeji mimi siigusi, hata ikiwa nafuu namna gani. Mlango ukikaa pembeni kidogo, vitasa havishiki sawasawa na ulinzi wa ubavu unapungua.

Kagua hivi. Egesha gari pasipo na mteremko. Funga milango ya kushoto, kisha tazama mwanya kati ya wa mbele na wa nyuma kuanzia juu hadi chini. Ukipanuka upande mmoja, uliza maswali. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye milango na ukingo wa chini: isiponata, pana bondo (plasta ya kuzibia bodi) nene. Halafu mwagia maji kwa mpira, dakika 5 hivi, pale milango inapokutana na paa. Inua zulia la abiria wa mbele uguse kwa mkono. Likiwa na unyevu, mpira wa mlango umechoka au mlango haujakaa vizuri. Mpira ni pesa ndogo kuliko mlango, kwa hiyo jua ni kipi kabla ya kupatana bei.

Dada_Vipuri:
Kuhusu vipuri, injini isikunyime usingizi. Ni 1NZ-FE, ileile ya Probox, Fielder na IST za CC 1500, na inatumia cheni, si mkanda. Vitu vya bodi ndivyo vya Raum peke yake: mlango wa kushoto, mipira yake, roda (vigurudumu) za reli. Hivyo utavipata kwa wauza vilivyotumika, na kabla ya kulipia linganisha na namba ya chesisi, NCZ20 kwa inayosukumwa na magurudumu mawili, NCZ25 kwa inayosukumwa na manne. Mlango wa toleo la 1997 hauingii.

Nyangumi88:
Asanteni sana. Niliyoiona mlango wake ni wa umeme, unafika katikati kisha unarudi. Ni mota?

Spana_14:
Usinunue mota bado. Zima swichi ya mlango wa umeme, sukuma kwa mkono. Ukiwa mzito, shida ni reli au roda. Ukiwa mwepesi, ndipo upime betri, kisha waya wa kuvutia na mota. Mlango unarudi kwa sababu ukikuta ukinzani unadhani kuna mkono wa mtoto, na mchanga kwenye reli ya chini unatosha kuudanganya.

Safisha reli kwa brashi kavu na kitambaa, kisha pulizia silikoni. Grisi usipake kwenye reli. Inanasa vumbi na kugeuka msasa unaokula roda. Mipira ya mlango isipakwe mafuta ya taa.

MkundeMoto:
Naongezea kwenye injini. Oili 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta, kila kilomita 5,000 kwa foleni zetu. Iwashe ikiwa baridi: cheni ikilia kwa sekunde kadhaa, cheni au kikaza chake kimechoka au oili imepungua; moshi wa bluu ukitoka baada ya kusimama kwa muda, inakula oili. Ikikosa moto silinda moja, hamisha koili ya kwanza kwenda ya pili. Kosa kwenye mashine ya kupimia likihama kutoka P0301 (silinda ya kwanza) hadi P0302 (ya pili), ni koili. Lisipohama, tazama plagi, mwanya wake 1.1 mm. Oili ya gia ni Type T-IV. Ukimwaga kwa boliti ya chini zinatoka lita 3 hivi tu, kwa hiyo usishangae ya pili kuwa chafu. Na hakikisha themostati ipo. Mafundi wengi huing'oa wakidhani inachemsha injini, kumbe injini inabaki baridi na petroli inapanda.

Kizingo_Msa:
Kwa wa Kenya, sheria ya kutoingiza magari yaliyozidi miaka 8 imeifungia mlango. Tafuta iliyoko humu nchini tayari. Kwa Tanzania, ingiza mwaka halisi kwenye kikokotoo cha TRA, kwani zote zimepita miaka 10 na kodi ya uchakavu inauma.

Dada_Vipuri:
Jambo la mwisho, mlango wa nyuma kabisa unafunguka kwa ubavu, si kwenda juu. Pima nafasi nyuma ya gari kwenye maegesho ya nyumbani. Na msiinue gari kwa vipande vya springi, mtakula ekseli na mipira yake.