Naombeni ushauri: nataka kusaidia shamba linalookoa farasi huku Kentucky, nianzie wapi?

Mwana Kasulu
Habari zenu wakuu. Naishi Lexington, Kentucky, huu mwaka wa sita. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, wazazi wametoka Uvira, Kongo, kwahiyo farasi nilikuwa nawaona kwenye picha tu mpaka nilipopata kazi huku ya kusafisha mabanda kwenye shamba la farasi wa mbio. Tunaoongea Kiswahili tupo wengi sana mji huu na si mimi peke yangu niliyeingia kwenye hizi kazi.

Sasa kuna shamba dogo mbali kidogo na mji, sio biashara, kazi yao ni kupokea farasi waliotelekezwa au walioshindishwa njaa, wanawatibu, wanawarudisha kwenye hali nzuri halafu wanawatafutia watu wa kuwachukua. Mfanyakazi mwenzangu alinipeleka mwezi wa pili na siku hiyohiyo alikuwa ameletwa jike mmoja mwekundu ana baka jeupe usoni, mbavu unazihesabu moja moja, kwato zimerefuka mpaka zimejikunja kwa mbele, ukinyanyua mkono tu anajibana kona ya banda anatetemeka mwili mzima. Nilirudi nyumbani sikulala. Leo huyo jike akisikia sauti yangu anakuja kwenye uzio.

Nimejipanga nitoe dola 50 kila mwezi. Ila mambo mawili yananisumbua. La kwanza mama mdogo yupo Uvira, kasikia, kanipigia simu kasema inakuwaje unalisha farasi wa Wazungu wakati wadogo zako wanadaiwa ada, na kusema kweli sina jibu. La pili, mwaka jana niliona tangazo mtandaoni farasi anapelekwa kuchinjwa Ijumaa asipopatiwa hela, nikatuma dola 120, baada ya wiki tatu nikaona farasi yuleyule, picha ileile, na Ijumaa nyingine. Niliumia sana. Nitajuaje hawa wa shambani ni wakweli na msaada gani hasa unawafaa?

Dada Tumu
Pole kaka yangu kwa hiyo 120. Mama mdogo usimjibu kwa hasira, ana haki ya kuuliza. Ada za wadogo zako kwanza, kinachobaki ndio cha farasi.

Saisi Mstaafu
Ndugu, nimefanya kazi na farasi Nairobi miaka mingi na huko Marekani miaka 11, ngoja nikueleze ninachokijua.

Hayo matangazo ya Ijumaa yapo kila siku. Viwanda vya mwisho vya kuchinja farasi Marekani vilifungwa 2007 lakini farasi hawakuacha kuchinjwa, wanapakiwa kwenye malori wanavushwa kwenda Mexico na Kanada. Hapo katikati wakaingia madalali, wananunua mnadani kwa bei ya chini, wanapiga picha, wanaweka bei yao na siku ya mwisho, watu wenye huruma wanachanga, na dalali kwa hela hiyohiyo anarudi mnadani kununua wengine. Usitume tena.

Shamba la kweli utalijua hivi. Liwe limesajiliwa 501(c)(3), yaani shirika la hisani lisilo la biashara kwa sheria ya kodi ya Marekani, na ile fomu 990 wanayopeleka kodi kila mwaka ni ya wazi, waombe uione mapato na matumizi. Uliza kama wamekaguliwa na Thoroughbred Aftercare Alliance, hao walianza 2012 kwa farasi wa mbio, au Global Federation of Animal Sanctuaries. Shamba dogo linaweza lisiwe na hivyo vyeti na bado likawa la watu waaminifu, kwahiyo tumia macho yako pia. Farasi mgeni wanamtenga kwanza au wanamchanganya na wenzake siku hiyohiyo? Wanapima damu? Anayechukua farasi anasaini kwamba akishindwa anamrudisha palepale na sio kumpeleka mnadani? Na kubwa kuliko yote, waulize aliyekonda hivyo siku ya kwanza walimpa nini. Wakikwambia walimjazia nafaka, ondoka. Farasi aliyeshinda njaa muda mrefu ukimpa nafaka nyingi ghafla chumvichumvi za damu zinayumba na moyo unaweza kusimama ndani ya siku chache tu. Anaanzishwa na alfalfa, yale majani makavu ya lishe, kidogo kidogo kila baada ya saa kama nne, usiku na mchana, mtu anaamka. Ndio maana nasema msaada mkubwa sio ile siku ya kumwokoa, ni miezi inayofuata.

Hesabu mwenyewe, farasi wa kilo 500 anakula nyasi kavu kama kilo 10 kwa siku, fundi wa kwato kila wiki 6 mpaka 8, meno yanasagwa kila mwaka, na anaweza kufika miaka 25 na zaidi wakati mbio anaacha akiwa na 5 au 6. Hiyo 50 yako ya kila mwezi, isiyokatika, inawafaa kuliko 500 ya mara moja maana wanajua nyasi za mwezi ujao zipo.

Kichwa Ngumu
Mimi bado simwelewi. Watu wanalala njaa Kivu huko, farasi ndio wa kuchangiwa?

Mtoto wa Mkunguni
@Kichwa Ngumu nisikize ndugu yangu. Mimi ni wa Lamu, na huku kwetu punda ndio anayebeba mawe, mchanga, maji, kila kitu. Tangu 1987 tuna zahanati ya punda ya The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza, na punda wa babangu alitibiwa kidonda cha mgongoni pasi kulipa hata senti. Pesa ile ilitolewa na watu wa mbali ambao hata Lamu hawajafika, na sisi watoto tulisoma kwa mgongo wa punda yule. Huyo mnyama amemfanyia mtu kazi mpaka amechoka, kumtupa ni dhulma.

Kichwa Ngumu
Hapo nimekuelewa mkuu. Sikuwa nimeliangalia hivyo.

Dada Tumu
Hata huko Kentucky kwenyewe ilianza kwa uchungu wa namna hiyo. Farasi anaitwa Ferdinand alishinda Kentucky Derby, zile mbio kubwa za farasi, 1986, akauzwa Japan, inasemekana alichinjwa huko 2002. Mwaka uliofuata Michael Blowen akaanzisha shamba la Old Friends pale Georgetown kwa ajili ya farasi waliostaafu. Kaka si mbali na wewe, nenda ukaone wanavyoendesha ndio upate cha kulinganisha.

Mwana Kasulu
Asanteni sana, kwa kweli nimesoma yote mara mbili. Nimeenda nikauliza yale maswali, mama mwenye shamba hakukasirika, alinitolea faili akanionyesha. Yule jike alipofika walimpa 2 kwenye kile kipimo cha unene cha 1 mpaka 9 (1 ni mifupa mitupu, 9 ni mnene kupita kiasi), sasa yupo 5, na siku kumi za kwanza alikuwa akiamka usiku kumlisha hiyo alfalfa. Nimeamua dola 30 kila mwezi, 20 zinaenda Uvira juu ya zile ninazotuma siku zote, na kila Jumamosi nakwenda kutoa samadi na kubeba nyasi bure maana hiyo kazi naijua. Mama mdogo nimempigia video akamwona jike mwenyewe, akaniuliza jina lake.

Jumamosi hii nakwenda na mwanangu wa miaka 8, anataka kumpelekea karoti. Kuna shida?

Saisi Mstaafu
Uliza shambani kwanza, wengine wana ugonjwa wa kwato hawatakiwi vitu vitamu. Wakikubali mkatie kwa urefu, vile vipande vya duara vinaweza kumkaba. Na mtoto aweke kwenye kiganja kilichonyooka, vidole vyote pamoja.