Naomba ushauri: lambda (virusi vya bakteria) haamki ndani ya E. coli, mchuzi wa kukuzia unabaki na ukungu

Habari wakuu. Ni maabara ya kufundishia, Mbeya, na baridi ya Juni mnaijua. Bakteria ni E. coli waliobeba lambda cI857 (aina ambayo kizuizi chake, protini CI, hakistahimili joto) aliyelala ndani ya DNA yao. Mililita 50 kwenye chupa ya mililita 250 zinakuzwa kwa nyuzi 30 hadi OD600 (kipimo cha ukungu wa seli) ifike 0.4, zinapelekwa 42 kwa dakika 15, kisha 37 zikitikiswa. Baada ya saa moja na nusu seli zilipaswa kupasuka na mchuzi kuwa mwangavu. Haukuwa.

Protini CI nane hushikanisha sehemu mbili za DNA zilizoachana kwa jozi za besi kama 2,400, DNA ikajikunja kitanzi, na jeni za virusi zikazimwa. Kwenye 42, CI ya aina hii hulegea na kitanzi hufunguka. Baadaye IHF, protini ya bakteria, huipinda DNA karibu kama herufi U ili Int na Xis, protini za virusi, zimtoe lambda kwenye DNA ya bakteria. Hatua ipi imekwama?

Nashuku joto kwanza. Kipimajoto kiko kwenye maji ya nje, si ndani ya chupa, hivyo huenda dakika 15 zinaisha mchuzi haujafika 42. Je, nimimine mililita 50 za mchuzi mpya wenye nyuzi 54 moja kwa moja? Hesabu inatoa 42 papo hapo, ila nahofia kuunguza seli.

Pili, kama lambda huyu ana pia Sam7 (badiliko la jeni linalozuia upasuaji wa seli), seli zinaweza kujaa virusi bila kupasuka. Matone machache ya klorofomu kwenye mililita 1 yanatosha kuthibitisha?