Matokeo makubwa ya 1954: mimi nasimama na Ifeajuna

Wakuu, swali lililo mezani ni hili: katika michezo ya mwaka 1954, matokeo gani yalikuwa mazito kuliko yote? Wengi mmemtaja Roger Bannister, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, kwa dakika 3 na sekunde 59.4, pale Oxford tarehe 6 Mei. Wengine mmeshikilia fainali ya Kombe la Dunia la soka pale Bern, Uswisi. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili.

Rekodi ya Bannister ilidumu siku 46. John Landy wa Australia akaivunja huko Turku, Finland. Bern ndiyo inayouma. Hungary iliwachapa Wajerumani 8-3 kwenye makundi, wiki mbili baadaye ikaongoza 2-0 ndani ya dakika nane tu, kisha ikalala 3-2, na bao la mwishoni la nahodha wao Puskás likakataliwa kwa kuotea. Anayelilalamikia bao lile hadi leo namwelewa kabisa.

Lakini twendeni Vancouver, Kanada, kwenye Michezo ya Himaya ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria anaukabili ufito wa kuruka juu. Kiatu kipo mguu wa kushoto peke yake, wa kulia hauna. Anaruka futi 6 na inchi 8, yaani mita 2.03. Dhahabu! Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu kwenye mashindano makubwa ya kimataifa. Wa pili ni Patrick Etolu wa Uganda, wa tatu Nafiu Osagie, naye Mnigeria. Medali zote tatu za kuruka juu zimekwenda kwa vijana wa makoloni, wakati Nigeria ina miaka sita mbele kabla ya uhuru na Uganda minane. Kenya nayo ilikuwa imepeleka timu kwa mara ya kwanza, kwao kukiwa na hali ya hatari, na Nyandika Maiyoro akamaliza wa nne kwenye mbio za maili tatu.

Siku chache baadaye, uwanja uleule, kwenye mbio za maili moja, Bannister akampita Landy pale Landy alipogeuka kutazama nyuma, na magazeti yakabeba hiyo. Sanamu ya wawili hao ipo Vancouver mpaka leo.

Najua hoja itakayokuja: Ifeajuna si ndiye aliyekuwa kwenye mapinduzi ya Januari 1966, yaliyomuua Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa? Ndiye. Naye akapigwa risasi mwaka 1967 huko Biafra, eneo lililokuwa limejitenga na Nigeria. Kwa damu ile simtetei hata kidogo. Ila kosa la 1966 haliwezi kurudi nyuma miaka kumi na miwili likauangushe ufito ambao hakuugusa.

Mnaomshikilia Bannister, naomba mnijibu: kama Oxford isingetokea, Landy asingeifikia maili ile mwaka uleule? Na Vancouver, nani mwingine angeruka badala ya wale watatu?