Mbweha wanaozaana mijini: wauawe kwa ajili ya tegu, au waachwe?

Kisiki: Wadau, mbweha mwekundu siku hizi anazaa hadi katikati ya miji ya Ulaya, na utumboni anabeba tegu wa milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi, na yakikuingia mdomoni, ini linaliwa taratibu na dalili huja baada ya miaka 5 hadi 15. Mimi nasema bunduki. Nyie je?

Mama Tausi: Napinga kabisa. Ufaransa walishajaribu, kama sikosei ni upande wa Nancy. Waliua mamia, na badala ya kushuka, maambukizi yakapanda toka kama 40 hadi 55 kwa kila mbweha 100. Ukimuua mwenye eneo, vijana wanahamia toka nje, na hao vijana ndio waliojaa minyoo. Zurich, Uswisi, walitega chambo chenye prazikwanteli, dawa ya minyoo, na mayai yakapungua. Halafu tuseme ukweli: nani kati yetu amewahi kulambwa na mbweha? Watu wanalambwa na mbwa wao, ambao nao hubeba tegu huyu, na wafuga mbwa wengi ni wachafu.

Mfugaji: Wachafu? Mama Tausi, hapo umenigusa. Mbwa wangu anapewa dawa kila mwezi bila kukosa. Wewe unanawa mikono mara ngapi?

Kisiki: Jamani, Rebun kule Japani mbweha waliletwa miaka ya 1920 wapunguze panya. Tegu akaja nao, watu zaidi ya 100 wakaugua. Walipomaliza mbweha na mbwa, ugonjwa ukakatika. Bunduki inafanya kazi!

Nyikani: Rebun ni kisiwa, mkuu. Nani angehamia pale kujaza nafasi?

Mama Tausi: @Mfugaji, dawa inaua tegu waliomo leo. Kesho mbwa akila panya wa shambani anaambukizwa upya. Na mayai hayaonekani kwa macho, yananasa kwenye manyoya ya nyuma, mbwa anajilamba, kisha anamlamba mtoto usoni. Huo si usafi.

Mfugaji: Umesahau hesabu. Mbwa akila panya mwenye tegu leo, inapita kama wiki 4 kabla hajaanza kutoa mayai. Ndiyo maana dawa ni kila mwezi! Na Uingereza wanataka mbwa anayeingia kutoka nje awe amepewa dawa kati ya saa 24 na 120 kabla. Wangetuona wachafu wangetufungia mpaka.

Bi Mwanaidi: Mnatupiana maneno, mimi nimeuguza. Shemeji yangu aliambiwa ana saratani ya ini, familia tukaanza kuagana. Kumbe ni huyo tegu. Uvimbe ulikuwa umetambaa vibaya hata hawakuweza kuukata wote, na sasa anaishi kwa albendazoli, dawa ya minyoo, kila siku, mwaka hadi mwaka. Hakuwahi kufuga mbwa. Alikuwa akiokota matunda ya porini na kuyala palepale.

Kisiki: Pole sana dada. Basi watu wayagandishe kwanza.

Nyikani: Hapana, tafadhali usimpotoshe mtu! Friji ya nyumbani haiui mayai hayo, wataalamu wanataka nyuzi 80 chini ya sifuri. Pika. Moto ndio unaoyaua.

Mama Tausi: Pole Bi Mwanaidi. Ila kwa mbwa sirudi nyuma. Aislandi walibanwa wenye mbwa kwa sheria na ugonjwa ukaisha.

Nyikani: Yule wa Aislandi ni tegu mwingine, wa mbwa na kondoo. Pale suluhisho lilikuwa kuwanyima mbwa viungo vya ndani vibichi machinjoni. Huyu wetu anaishi kwa panya, na panya huwezi kumwekea sheria.

Mfugaji: Umeona? Mama Tausi, andika sheria ya dawa kwa kila mbwa anayewinda panya, mimi nitakuwa wa kwanza kutia sahihi. Lakini lile neno "wachafu" lifute kwanza.

Mama Tausi: Silifuti. Wapo wanaompa mbwa dawa mara moja kwa mwaka na kulala naye kitanda kimoja. Kama wewe si miongoni mwao, halikuhusu.